Ukumbi Usiokuwepo: Mchezo Mdogo wa Kuigiza na Hukumu ya Mtazamaji wa Chitete

Maandishi mengi kuhusu sanaa za maonyesho nchini Tanzania humtaja mtunzi, humtaja mwongozaji, humtaja mfadhili, kisha humfikia mtazamaji mwishoni kabisa, tena kwa hesabu tu ya vichwa vilivyohudhuria. Makala haya yanaanzia upande wa pili wa uwanja, kwa mtu aliyeketi chini au kwenye benchi lililoazimwa shuleni, akitazama mchezo wa waigizaji watano au sita wasio na mkataba wa televisheni wala mshahara wa sanaa. Yanadai kwamba hukumu ya mtu huyo, yaani anachokicheka, anachokinyamazia na anachokubali kukilipia, ndiyo mtaji wa kwanza wa sanaa hiyo. Mahali panapofaa kulipima dai hili ni Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, kwa sababu ni mji mdogo usio na ukumbi wa maigizo, na kwa hiyo humlazimisha mchambuzi aulize ni kitu gani hasa kinachohitajika ili mchezo uwe mchezo.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi kabla ya kuendelea. Tamthiliya ni utungo wa maigizo ulioandikwa, ambao mtu anaweza kuusoma kitandani kama asomavyo riwaya, ilhali igizo au mchezo wa kuigiza ni tendo lenyewe linalotokea mbele ya watu, ambalo halipo kabla halijaanza na haliwezi kurudiwa vilevile likishakwisha. Mchezo mdogo huru, kama unavyoeleweka hapa, ni mdogo kwa idadi ya waigizaji, vifaa na watazamaji, na ni huru kwa maana moja tu, kwamba waigizaji wenyewe ndio wanaoamua waseme nini na walisemeje. Kikundi kinaweza kuwa kidogo bila kuwa huru, kama kile cha watu wanne kilichokodiwa kuigiza kijitabu cha kampeni, na kinaweza pia kuwa huru bila kuwa kidogo. Lakini sifa hizo mbili zinapokutana, mtazamaji hupata nafasi ambayo hapewi na televisheni wala na jukwaa la mkutano wa hadhara.

Songwe ni mkoa mchanga, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Wilaya ya Momba yenyewe ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012. Upande mmoja kuna Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambako hupita reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia, foleni za malori hazikauki, na Kinyamwanga husikika pande zote mbili za mpaka. Upande mwingine ardhi inashuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Kalenda ya sanaa katika eneo la namna hii hufuata kalenda ya shamba: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua na jembe havimwachii mtu jioni yake, lakini kuanzia Juni, mahindi yakishavunwa na ufuta ukishauzwa, kuna fedha kidogo mkononi, kuna uwanja mkavu na kuna mbalamwezi. Wala maigizo si kitu kigeni kwa mkazi wa huko. Hukutana na Herode akifoka kanisani wakati wa Krismasi, huwaona wanafunzi wakiigiza walevi kwenye mahafali, na huviona vikundi vikishuka kwenye gari la matangazo kuigiza habari za UKIMWI, chandarua au chanjo. Kilicho adimu ni mchezo alioamua mwenyewe kuuendea, na ambao ana haki ya kuukataa.

Uadimu huo una historia. Wakati wa ukoloni ukumbi wa maigizo ulikuwa mahali pa walowezi na maofisa: kundi la Little Theatre la Dar es Salaam lilianza mwaka 1947 na la Arusha mwaka 1953, yote mawili yakiigiza kwa Kiingereza kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walikuwa na vichekesho, yaani vipande vifupi visivyoandikwa vilivyojengwa juu ya mhusika ambaye kila mtu anamfahamu, kama vile mshamba aliyefika mjini au tajiri bahili. Baada ya uhuru, ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yaliyoenezwa na Mathias Mnyampala, zilibeba siasa ya Ujamaa hadi mashuleni, na katika miaka ya 1980 vikundi kama Muungano Cultural Troupe, kilichoanzishwa mwaka 1980, vilijaza baa za Dar es Salaam kwa programu ndefu zilizochanganya ngoma, taarabu, sarakasi na igizo. Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ikafuata mwaka 1992. Mtazamaji wa baa alikuwa mkali, kwa kuwa alikuwa amelipa kiingilio na bia yake iko mezani, na mchezo ukimchosha aligeuza kiti akaendelea na mazungumzo yake. Vituo vya televisheni vya binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994, waigizaji wa kundi la Kaole na wa makundi mengine walihamia kwenye kioo, na mtazamaji akahamia sebuleni, ambako hata akigeuza kiti mwigizaji hamwoni.

Kwa kuwa historia hiyo ni ya miji mikubwa, ni rahisi kuhitimisha kwamba Chitete inapaswa kwanza ijengewe ukumbi ndipo iwe na sanaa hii. Ushahidi hauelekezi huko. Mwaka 1971 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Zambia walifyeka pori nje ya Lusaka, wakatengeneza uwanja wa wazi wa maigizo wakauita Chikwakwa, jina la zana ya kufyekea majani, na kutoka hapo wakazunguka mikoani kuandaa warsha na michezo katika lugha za wenyeji. Mwongozaji Mwingereza Peter Brook, ambaye mwaka 1968 alichapisha kitabu chenye hoja kwamba mahali popote patupu panaweza kuwa jukwaa ilimradi mtu mmoja apite na mwingine amtazame, alilijaribu dai lake barani Afrika kati ya mwaka 1972 na 1973, akizunguka na kundi lake katika nchi zikiwamo Algeria, Niger na Nigeria, na kila walipofika walitandika zulia katikati ya kijiji wakaanza kuigiza juu yake. Hapa nyumbani, ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, uliungua mwaka 2002, lakini tamasha la kila mwaka la Bagamoyo halikufa kwa moto huo. Zulia la Brook, kwa mkazi wa Chitete, si uvumbuzi wa kustaajabisha, kwani yeye hutandika mkeka popote penye msiba, arusi au kikao.

Mchezo wa mkekani una tabia zake, na mtazamaji aliyeuzoea huona mambo ambayo ukumbi mkubwa huyaficha. La kwanza ni ukaribu. Pazia ni vitenge viwili vilivyotundikwa kwenye kamba kati ya miti miwili, na kwa kuwa upepo huvipeperusha, waliokaa pembeni humwona mwigizaji akijifuta jasho, akivua shati la mgambo na kujitanda kitenge ili atokee upya akiwa bibi kizee. Watoto wamejaa mbele, vidole vya miguu yao vikigusa mkeka, na mlevi wa mchezoni akipepesuka kuelekea kwao hurudi nyuma kwa mayowe, ingawa kila mmoja wao anajua kwamba ndani ya chupa mna maji. Taa ni balbu moja ya sola au ya jenereta, na jenereta ikiwekwa karibu mno, maneno ya mwenye sauti ndogo hayafiki hata safu ya tatu. Katika hali hiyo mwigizaji mzuri hajifichi: ni yule anayetambua kwamba kupayuka hakumsaidii, akasogea hatua mbili, akangoja mlio wa bodaboda inayopita utoweke, kisha akalisema neno lake kwa utulivu kiasi cha mama mwenye mtoto mgongoni kuacha kumbembeleza ili asipitwe.

La pili ni kwamba mwigizaji huyo ni jirani. Katika ukumbi wa jiji mtazamaji humwona mhusika tu, kwa sababu hamjui aliyemvaa. Mjini Chitete anawaona watu wawili kwa wakati mmoja, yaani mwizi wa ng'ombe anayesakwa mchezoni na kijana wa fundi baiskeli ambaye asubuhi alikuwa akikopa sukari dukani. Ndiyo maana kicheko hulipuka mahali ambapo mtunzi alikusudia machozi, hasa pale mwizi anapopigwa au mjane anapolia, na wageni wengi hukichukua kicheko hicho kuwa dalili ya hadhira isiyoelewa. Tafsiri hiyo ni ya juujuu. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthiliya wa Kijerumani, alitumia maisha yake kutafuta mbinu za kumtenga mtazamaji na hisia za mchezo ili asizame mzimamzima, bali akumbuke kwamba anatazama igizo na aendelee kupima kwa akili yake. Na Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile (1969), ambaye mwaka 1975 alikamilisha tasnifu kuhusu sanaa za maonyesho za Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin, aliijua vyema nadharia hiyo. Kile ambacho Brecht alikitafuta kwa mabango na nyimbo za kukatiza, hadhira ya mji mdogo hukipata bure kwa kumjua mwigizaji. Inacheka kwa sababu haijasahau, na kwa kuwa haijasahau, inaweza kugeuka ghafla ikanyamaza, pale jirani yao anaposema jambo ambalo wote wanajua kwamba lingeweza kuwa la kwake kweli.

Kunyamaza huko ndiko kipimo cha juu kabisa cha mchezo mdogo. Makofi mwishoni hutolewa hata kwa heshima, kama vile mgeni anavyosifu chakula, lakini hakuna anayeweza kuwaamuru watoto arobaini na wazee kumi wanyamaze kwa dakika mbili katika uwanja ambao kila mtu ana njia yake ya kuondokea. Mtazamaji makini hujifunza kuyasikiliza mabadiliko hayo: mnong'ono wa wanawake upande wa kushoto unapoitikia neno la mama mkwe, kikohozi cha makusudi cha mzee anapotajwa mwenyekiti anayeuza viwanja mara mbili, na namna vijana waliosimama nyuma na pikipiki zao wanavyozima injini. Hapo pia ndipo lugha hufanya kazi yake. Mchezo huendeshwa kwa Kiswahili, lakini tusi, methali na maneno ya kumwita mkwe au shangazi huteleza katika Kinyamwanga, na kicheko kinachofuata huonyesha ni nani aliyeelewa na ni nani aliyehamia juzi kwa kazi ya ofisi. Mwigizaji mwerevu huutumia mgawanyiko huo kwa kumpa mtumishi mgeni wa mchezoni Kiswahili cha barua za serikali, huku wanakijiji wakijibizana naye kwa adabu na kumsengenya papo hapo mbele ya uso wake.

Uhai wote huu hupungua mchezo unapofika ukiwa umeshalipiwa na mtu mwenye ujumbe. Ni haki kukumbusha kwamba sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani matumizi ya igizo, ngoma na hadithi katika kuchambua matatizo ya jamii, hazikuanza na sura hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, kwa mfano Malya mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakawaachia wataje wenyewe matatizo yanayowasumbua, ambayo huko yalikuwa pamoja na mimba za wanafunzi, kisha mchezo ukatungwa kutokana na mazungumzo hayo na kuishia katika mjadala wa wote. Msingi wa njia hiyo, ambayo Mlama aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991, ni kwamba mtazamaji ndiye mtafiti. Kadiri miaka ilivyopita na fedha za miradi zilivyoongezeka, hatua ya kwanza ya kumsikiliza mwanakijiji ikawa ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa kuwa inachukua wiki kadhaa na haipigiki picha, na kilichobaki ni hatua ya mwisho, yaani onyesho lenye jibu lililokwisha kuandikwa. Mtazamaji akageuka kuwa tarakimu kwenye ripoti: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi.

Ipo tamthiliya ya Kiswahili inayoulenga ugonjwa huu wa kuhesabu kana kwamba iliandikiwa Momba. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988) ya Edwin Semzaba inamhusu karani wa sensa anayefika kijijini na makaratasi yake kuhesabu watu, akakuta shaka na maswali, akampenda Mazoea, binti wa Ngengemkeni Mitomingi, akaacha kazi iliyompeleka, na mwishowe baba wa binti, kwa hasira, akayachoma makaratasi yale ya takwimu. Tamthiliya hiyo imesomwa kwa miaka mingi katika fasihi ya Kiswahili ya shule za sekondari pamoja na Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, kwa hiyo maelfu ya Watanzania wanaweza kutaja dhamira zake, wahusika wake na matumizi yake ya lugha kwa mpangilio unaotakiwa na mtihani. Walio wengi kati yao hawajawahi kumwona Mitomingi akichoma karatasi. Wameifahamu tamthiliya bila kuuona mchezo, jambo ambalo ni sawa na kujifunza kuogelea ubaoni.

Ngoswe akiwekwa mkekani, maswali ambayo mwongozo wa mwalimu haukuyagusa hujitokeza yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, yaani kompyuta bapa za mkononi, na mwigizaji wa Mitomingi atalazimika kuamua kama atachoma karatasi za wakati ule au atakitumbukiza kishikwambi kwenye pipa la maji, ilhali hadhira inajua fika kwamba siku hizi takwimu zikishatumwa hazichomeki. Anayeigiza Ngoswe ataamua kama karani ni mhuni aliyekuja kuharibu, au ni kijana mpweke aliyetupwa mbali na kwao, na uamuzi huo utasomwa na watu ambao wanawajua makarani wa aina zote mbili. Mazoea naye, ambaye katika majibu ya mtihani huwa ni mhusika anayependwa na Ngoswe, atakuwa msichana wa kweli aliyesimama mita mbili kutoka kwa mama yake mzazi aliyekuja kutazama, na kila mzazi uwanjani atalazimika kujiuliza angefanya nini. Hakuna mada hapo iliyofadhiliwa na yeyote, lakini ndoa za kupangwa, dharau ya msomi na shaka ya raia kwa serikali zote zimezungumzwa.

Wanaopinga hoja hii husema kwamba mtu wa kijijini hawezi kulipia mchezo, na kwamba bila mfadhili sanaa itakufa. Jibu la kwanza linapatikana katika kibanda umiza, kile chumba cha mabati au turubai chenye mabenchi na televisheni moja, ambamo vijana hulipa kiingilio kutazama ligi ya Uingereza na filamu zilizotafsiriwa na watambaji wa aina ya Lufufu, mtu aliyejipatia umaarufu Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wake. Mtambaji wa filamu ni mwigizaji mdogo huru kwa kila kipimo: hana mfadhili, hana ukumbi, na anaishi kwa kadiri hadhira inavyompenda. Jibu la pili ni desturi ya kutunza, yaani kumzawadia msanii fedha hadharani akiwa kazini, ambayo imekuwapo katika ngoma na taarabu tangu zamani. Anayetunza hangoji mwisho. Huinuka kwenye neno lililomgusa, akapita mbele za watu, akaiweka noti mkononi mwa msanii, na kwa kitendo hicho ametoa uhakiki wenye saa, mahali na kiasi. Jamii yenye desturi hiyo haihitaji kufundishwa kwamba sanaa ina thamani ya fedha, bali inahitaji kuletewa igizo linalostahili noti hiyo.

Maneno hayo ya mwisho yasipitwe haraka, kwa sababu michezo mingi midogo haistahili. Mtazamaji mwenye haki atasema wazi kwamba vikundi vingi huigiza bila mazoezi ya kutosha, kwamba waigizaji huiga mapozi ya michezo ya televisheni hata pale ambapo mwenzao amesimama hatua moja tu mbele yao, kwamba mlevi na mganga wa kienyeji huingizwa kwa nguvu ili kununua kicheko, na kwamba mchezo ulioanza vizuri hufungwa kwa mahubiri, mhusika mmoja akigeuka kuwatangazia watu funzo ambalo wameshalipata dakika ishirini zilizopita. Umaskini wa vifaa si udhuru wa makosa hayo, kwa kuwa hakuna hata moja linaloponywa kwa fedha. Huponywa na hadhira inayoondoka, na hadhira iliyoingia bure kwa heshima ya mgeni wa halmashauri huwa haiondoki, hukaa na kupiga makofi, na hivyo humnyima msanii taarifa pekee ambayo ingemfundisha kazi.

Kwa kundi linaloanza, hazina ya tamthiliya zinazowezekana bila gharama ipo tayari. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za Ebrahim Hussein, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zimejengwa juu ya mtambaji, yaani msimulizi wa hadithi anayebeba wahusika wote kwa sauti na mwili wake, kwa hiyo zinahitaji mtu mmoja hodari na mahali pa kusimama. Mashetani (1971) inafunguka kwa vijana wawili, Juma na Kitaru, wakiigiza mchezo ndani ya mchezo ambamo mmoja ni Shetani na mwingine ni Binadamu, na sehemu hiyo peke yake inaweza kuwa onyesho la jioni moja kwa waigizaji wawili na mti mmoja. Ugumu wa tamthiliya hizi, ambao huwafanya walimu waziogope, hupungua zinaposemwa badala ya kusomwa, kwani zilitokana na utambaji wa hadithi, na mtu aliyekulia kwenye hadithi za bibi hahitaji maelezo ya jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa nyoka, kijana na kijiji kizima kwa usiku mmoja.

Yanayotakiwa kufanywa, basi, ni machache na yako ndani ya uwezo wa waliopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna sababu ya msingi ya kukikubali kikundi cha ufugaji wa kuku na kukikataa cha maigizo chenye mpango wa kuzunguka kata za Momba kuanzia Juni hadi Oktoba. Mkopo una faida ambayo ruzuku haina, nayo ni kwamba ruzuku hudai ripoti, ilhali mkopo hudai kiingilio, na kwa hiyo humrudisha msanii mikononi mwa mtazamaji. Maofisa utamaduni, ambao kwa vikundi vya wilayani ndio mlango wa karibu wa kulifikia Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, wanaweza kuhakikisha kwamba kibali cha mchezo wa watu watano hakichukui muda mrefu kuliko mazoezi yake. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuitoa tamthiliya moja kwa mwaka kwenye daftari na kuipeleka uwanjani, wazazi wakialikwa kwa kiingilio kidogo badala ya kualikwa bure. Na mtazamaji mwenyewe ana wajibu wake: alipe kabla, akae karibu, atunze penye neno, na mchezo ukiwa mbovu aondoke mapema bila kuona haya, kwa maana kubaki kwa huruma ni kumdanganya jirani. Uwanja Chitete upo, mikeka ipo, na Ngoswe anakaa kwenye makabati ya shule. Kilichobaki ni kutaja siku na kutangaza kiingilio.